Vyumba Vyangu Nisivyoweza Kuingia

Ikonge,
Jumapili alasiri

Moraa mwanangu,

Barua hii nitaificha ndani ya droo ya cherehani yako, kwa sababu nakujua: ukifika Kisii utaifungua cherehani kabla hata ya kusalimia watu. Sasa hivi uko kwa rafiki zako unaagwa kwa chai na nyimbo, na mama yako anakukaangia njugu kana kwamba unakwenda Kongo. Mimi nimejifungia hapa na kalamu. Nikiitwa najibu kwamba nasoma Biblia. Hakuna anayeniamini, lakini hakuna anayethubutu kuja kuhakikisha.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa Kiswahili, lugha niliyoiokota Kericho kwenye mashamba ya majani chai. Kusoma niliishia darasa la nne, siku mwalimu alipogundua ni nani aliyemfunga mbuzi kwenye kamba ya kengele ya shule. Ukikuta makosa humu, cheka, lakini usinirudishie karatasi ikiwa na wino mwekundu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Ekegusii ningeshindwa. Kwetu baba na binti yake aliyekua huongea juu ya mvua, ng'ombe na miguu ya nyanya yako. Vitanda hawavitaji. Na barua hii, mwanangu, ina vitanda vingi. Kiswahili hakikuzaliwa nyumbani kwangu, kwa hiyo hakinionei haya.

Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji, kwenda kanisani na kujihadhari na vijana wenye pikipiki nimemwachia mama yako. Ana orodha ndefu na ameianza tangu Jumatano. Mimi nina jambo moja tu.

Unalijua lenyewe. Kanjo, yaani halmashauri ya mji wa Kisii, imetupa mpaka Krismasi. Kuta za udongo ziwe zimeshuka na za mawe zimesimama, la sivyo ploti inarudi kwao na anapewa mwingine. Kesho unakwenda kuiokoa. Ila hujui ilifikaje hapo, maana kila ulipouliza nilianza kukohoa. Leo sikohoi.

Ile ploti niliinunua baada ya Uhuru, kutoka kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuhama. Nilikuwa nimerudi kutoka Kericho na pesa kidogo na kofia kubwa. Wenzangu walinunua ng'ombe. Mimi nikasema ng'ombe huugua, nyumba haiugui. Hapo cheka, nakuruhusu. Nyumba huugua kuliko ng'ombe, na daktari wake anataka chai saa nne, chakula saa saba, na malipo kabla ya kazi.

Nikajenga vyumba sita vya udongo. Mabati mapya yalikuwa ghali, na kulikuwa na mzungu aliyekuwa akibomoa ghala lake ili arudi kwao. Nikanunua mabati yake kwa bei ya kutupa. Nilijiona mjanja kuliko Kisii nzima. Nikayabeba kwa lori nikiwa nimekaa juu yake kama gavana. Kosa langu ni kwamba kila bati lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na misumari ya paa jipya haikutaka kupita mahali pa zamani. Nikaziba matundu kwa lami na vitambaa. Fundi akaniambia, "Mzee, lami hii jua likiwaka itashuka." Nikamwambia, "Wewe ulilipwa kupiga misumari, si kutabiri."

Jua likawaka. Lami ikashuka. Mpangaji mmoja alikuja kwangu na doa jeusi katikati ya upara, akaniuliza kama hiyo nayo imo kwenye kodi.

Basi jambo la kwanza nililojifunza, na nimelipia: usiwe mchoyo juu ya kichwa cha mpangaji. Penye sakafu unaweza kuchelewa, rangi unaweza kuiacha kabisa, lakini paa na choo usivifanyie ujanja. Mtu atavumilia mlango unaolia. Hatavumilia kunyeshewa ndani halafu akulipe.

Sasa wapangaji. Hapa ndipo nilipoharibu kabisa.

Wakati huo kila mtu aliniambia, "Weka watu wetu. Mtu wako hawezi kukutupa." Nami nikaona ni kweli. Vyumba vitano nikawapa vijana wa ukoo wetu waliokuwa wameanza kazi mjini. Chumba cha sita kilibaki, akaja Ouma, karani kutoka upande wa ziwani, na baiskeli yake na harufu ya samaki. Watu wakanisema. "Sasa unamlaza mtu wa ziwani kwenye nyumba yako?" Nikawajibu kwamba nyumba ni ya kulaza watu, na nimechoka kuwalaza panya. Kwa kweli sikuwa shujaa, nilitaka tu kodi ya chumba cha sita.

Ouma alilipa kila mwezi. Alinigongea mwenyewe, akahesabu, akaniuliza habari za shamba, akaondoka. Akichelewa alikuja kabla ya siku kufika kuniambia kwamba atachelewa. Vijana wangu walinilipa heshima. Moraa, heshima niliyolipwa na wale vijana ingetosha kuezeka Kisii yote.

Walikuwa na mchezo wao wa Sabato. Walijua kwamba Jumamosi sishiki pesa. Basi mwisho wa mwezi ukiangukia Jumamosi, wananisubiri nje ya kanisa la mjini, nikiwa na Biblia kwapani na mchungaji kando yangu, wanatoa noti hadharani, wakiniita baba: "Tata, kodi yako hii hapa!"

"Leo ni Sabato, mwanangu."

"Lakini Tata, sisi tumeileta! Mchungaji ni shahidi."

"Leteni kesho."

"Sawa, Tata. Sisi tumejaribu."

Kesho yake nikienda, pesa imekwisha kuwa pombe na nyama, na wao wananikumbusha kwa upole kwamba walinipa nikakataa. Mwezi mmoja, mwisho uliangukia Jumatano, nao wakaniambia watasubiri Jumamosi. Mama yako aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini hayo yalikuwa ya kucheka. Nyamweya ndiye aliyenimaliza, na sisemi kwa ubaya, maana utamkuta kesho na nataka umwangalie kwa macho yako mwenyewe, si yangu.

Nyamweya ni mtoto wa binamu yangu, kwa hiyo ni mwanangu. Alipoingia chumba cha tano alikuwa kapera. Niliingia kwake nikitaka, nikakalia kitanda chake, nikamwambia afagie. Halafu akaoa. Na wewe unajua chinsoni zetu, miiko yetu ya haya na heshima: mwanao akishaoa, mlango wake umefungwa kwako. Huingii nyumbani kwake, na kitanda chake usikione hata kwa bahati mbaya, la sivyo ni aibu ya kutafutiwa mzee na kondoo wa kuitakasa. Huku kijijini hakuna shida. Mwana anajenga nyumba yake, wewe unakaa yako, mnaongea kwenye uwanja. Lakini mimi nilimpa mwanangu chumba kimoja, mjini, ambamo mlango ukifunguka kitu cha kwanza kukusalimu ni kitanda!

Nilijenga nyumba kwa mikono yangu, halafu nikajifungia mwenyewe nje yake. Baadaye wengine wawili nao wakaoa. Nikawa na vyumba sita, na vitatu siwezi kutia pua. Wazungu wana sheria nyingi za nyumba, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kubuni hiyo.

Nyamweya akaniambia paa linavuja. Nilikuwa nimesimama nje kwenye mvua, nikiangalia viatu vyangu, yeye yuko ndani.

"Linavujia wapi?"

"Juu ya kitanda, Tata."

"Sogeza kitanda."

"Nimesogeza. Sasa linavuja huku."

"Linavuja sana?"

"Ingia uone, Tata."

Ingia uone! Alijua siwezi, nami nikajua kwamba anajua. Mke wake alikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia akikaba kicheko. Nikaondoka nimevimba. Mwisho wa mwezi akaniambia hatalipa mpaka paa litengenezwe. Nikajiambia, kijana huyu amegundua mahali pazuri pa kuweka uongo, mahali ambapo baba yake hawezi kupakagua. Nikamtuma fundi akaangalie. Fundi akafika mlangoni, akauliza jina la baba wa mwenye chumba, akahesabu koo kwa vidole, akarudi kuniambia kwamba hata yeye ni baba yake. Nikamlipa kwa safari.

Ningeweza kumwita Ouma apande aangalie. Alikuwa mlango wa pili, na kwake Nyamweya si mwana wala mkwe. Ningeweza kumtuma mama mmoja wa sokoni. Ningeweza kukutuma wewe, ulikuwa umeshakuwa msichana mkubwa. Sikufanya hivyo. Nilipendelea kuamini kwamba ni uongo kwa sababu uongo haugharimu mabati. Hilo nililielewa baadaye.

Misimu miwili ya mvua ikapita hivyo. Yeye halipi, mimi simtengenezei, kila mmoja anamheshimu mwenzake kupita kiasi. Na wakati huo wote maji yalikuwa yanaingia kweli, kwenye matundu yale ya mzungu wangu, yakishuka ndani ya ukuta ulio kati ya Nyamweya na Ouma, yakila udongo polepole kama mtu anayekula ugali wa moto, kutoka pembeni.

Siku ulipoanguka, Ouma alikuwa amekaa anakunywa chai. Ukuta ukalala juu ya baiskeli yake. Vumbi liliposhuka, akamwona jirani yake Nyamweya upande wa pili, amesimama kitandani na shati tu. Ouma akamsalimu, "Bwakire, jirani," kwa Ekegusii chetu, alichokuwa amejifunza vizuri kuliko nilivyojua. Wakacheka. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema kwa wajinga. Ila baiskeli ilikuwa chapati.

Nilipofika sikuweza hata kuangalia hasara. Ukuta haukuwepo, kwa hiyo chumba cha Ouma na cha Nyamweya vilikuwa kitu kimoja, na kitanda kilikuwa pale kinanitazama. Nikasimama barabarani nikiwa nimegeuka upande wa soko, naelezwa nyumba yangu kama kipofu. Na aliyenieleza ni nani? Nyamweya mwenyewe, kutoka nyuma ya mgongo wangu, kwa sauti ya chini. Hakunisuta. Alisema tu, "Tata, nilikuambia linavuja." Ningependelea anitukane.

Wiki hiyohiyo afisa wa afya akapita. Akaona ukuta, akachungulia choo kilichojaa mpaka shingoni, akaandika karatasi ambayo wewe ndiye uliyenisomea, maana Kiingereza chake kilikuwa na meno. Krismasi. Mawe au ploti.

Kwa hiyo usidhani ni kanjo iliyotufikisha hapa. Ni mimi, niliyejenga nyumba ya biashara na kuiendesha kama boma. Mtu akikulalamikia paa, mwanangu, anakufanyia kazi ya bure. Amelala chini yake, wewe hujalala. Nenda uone siku hiyohiyo, na kama huwezi kuona mwenyewe, tuma macho ya mtu asiyekuwa na sababu ya kukuogopa wala kukupendelea. Halafu kodi uidai bila kuona haya, kwa sababu umetengeneza. Mimi nilikuwa naona haya kudai na naona uchungu kutengeneza. Ukiwa na hayo mawili pamoja, uza, nunua mbuzi.

Wazee wawili walikuja kuniuliza mbona nampa msichana ploti aiendeshe. Mmoja akasema, "Kesho ataolewa aende na funguo." Nikamwambia, kuna mtu mmoja tu katika nyumba hii anayeweza kuingia vyumba vyote sita bila kutafutiwa kondoo, naye ni Moraa. Wewe kwa Nyamweya ni dada. Utagonga, utaingia, utakagua, utamwambia mke wake pazia lake ni baya na utamshonea lingine. Hawakuwa wamefikiria hivyo. Kusema kweli na mimi nilifikiria wakati huohuo wakiniuliza, lakini nikafanya uso wa mtu aliyefikiria tangu mwaka jana.

Na si hilo tu. Nilikuona mwaka ule ulipokuwa unashonea kwaya. Mke wa mzee wa kanisa alitaka rinda la pili kabla ya kumaliza kulipia la kwanza, ukamwambia, "Mama, hili nitalikata siku lile litakapokwisha kulipiwa," ukamwekea kiti na chai. Alikunywa chai. Alilipa. Mimi ningempa marinda yote mawili na mkanda juu yake.

Kazi yenyewe naamini utaiweza, kwa hiyo sitakuchosha. Mawe yamekwisha kumwagwa uwanjani, na yule fahali wetu mweusi ndiye aliyeyaleta kwa njia ya mnada. Anza na choo, kwa sababu afisa wa afya hupitia huko kwanza. Vyumba vunja viwili viwili, wapangaji wake wabanane kwa wenzao mpaka viishe, ili kodi ya vingine iendelee kulisha mafundi. Anza na kile cha Ouma na cha Nyamweya. Wale wameshazoea kuishi bila ukuta. Simiti nunua ya kutosha juma moja tu, maana ikilala kwenye unyevu wa Kisii inakuwa jiwe kabla ya kufika ukutani. Mabati ya mzungu, uza kwa mtu wa kuku. Mwambie yana matundu. Mimi sikuambiwa, lakini tusiendeleze ukoo huo.

Na baiskeli ya Ouma, ilipe kabla ya kununua jiwe moja zaidi. Hajanidai, na ndiyo sababu inaniwasha.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nichukue kalamu leo. Usinikasirikie mpaka umalize.

Asubuhi ulipokuwa mtoni, amekuja ndugu yangu Ogeto. Alikaa, akasifu ng'ombe, akasifu ndizi, akamsifu mama yako, nikajua kuna kitu. Akasema mwanawe amepata kazi mjini na anataka kuoa mwisho wa mwaka, na amesikia tunajenga kwa mawe. "Mtoto ni wako," akaniambia. "Chumba kimoja tu. Atakuwa akikupa kitu akipata."

Moraa, nilikuwa na maneno yote mdomoni. Chumba cha mawe kinahitaji kodi ya mawe. Akioa, hicho nacho kitanifungia mlango. Kanjo haipokei "kitu akipata". Nilikuwa nayo yote. Halafu nikamwangalia Ogeto, ambaye tulilala ngozi moja tukiwa wadogo, na nikasikia sauti ikisema, "Hakuna shida, ndugu yangu. Aje." Ilikuwa sauti yangu.

Kijana anakuja Jumatatu ya juma lijalo, si ya kesho, na godoro lake. Wewe mwambie hapana. Mwambie vizuri, mpe chai, lakini iwe hapana. Mwambie vyumba vikiisha kujengwa, na kimoja kikiwa wazi, atakipata kwa kodi ileile ya Ouma, mwezi mmoja mbele, na kama hana, amsubirishe mke.

Atarudi hapa mbio. Ogeto atakuja na fimbo. Hapo mimi nitakasirika. Nitapiga meza, nitasema, "Mtoto gani huyu nimezaa! Kesho nakwenda Kisii kumtoa mwenyewe!" Mama yako atanishika koti na kunisihi nisiende. Tumeshapanga naye. Nitasihika. Kesho yake mguu utaniuma, na wiki inayofuata kutakuwa na majani chai ya kuchuma, mpaka Ogeto achoke. Utasikia kwa watu maneno makali niliyoyasema juu yako. Yasikukoseshe usingizi, mengine nimeyatunga leo hii nikikuandikia, na ni mazuri.

Lakini Ogeto ni mtu wa kung'ang'ania, na mimi unanijua sasa. Inawezekana siku moja ukafungua dirisha ukaniona kweli nimesimama pale nje, Ogeto kulia kwangu, kijana na godoro kushoto, nami nakuamuru kwa sauti ya baba umpe huyu mtoto ufunguo. Siku hiyo usidhani naigiza. Nitakuwa nimeshindwa kabisa, kama kawaida yangu, na sitakuwa na mtu mwingine wa kunisaidia ila wewe. Usinipe.

Nasikia mama yako ananiita, na sauti yako iko getini. Naikunja.

Ni mimi baba yako,
mwenye ploti mpaka kesho asubuhi.